Akodiani Yako Imeingia Kompyutani

Ndugu yangu Shee,

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Nina jambo la kukueleza, nawe wajua sipendi kueleza nusu.

Vijana wa muziki wa hapa Malindi, hadi Kilifi na Vitengeni, siku hizi hawanunui ala, wanazipakua. Ziko programu, wenyewe huziita plagini, ambazo hupachikwa kwenye kompyuta ya kurekodia. Ukibonyeza, inalia fidla, inalia ngoma, hata mlio usio wa kitu chochote duniani. Nyingi ni za bure. Kahindi, yule mpiga kinanda aliyekulilia matangani kuliko jamaa zako, anazo tele, na bado kila asubuhi hutafuta mpya. Nikamuuliza, "Mwanangu, hizo ulizonazo umezimaliza?" Akacheka. "Mwalimu, zote nzuri, lakini zinaimba kama wageni wa hotelini."

Jibu hilo likanikaa kichwani. Nikaenda kusikiliza mwenyewe. Kweli, kila nota imenyooka kama imepigwa rula. Wewe ulikuwa na ile nota moja ya akodiani yako uliyoiteremsha kidogo, kwa kuukwangua ulimi wake wa chuma kwa wembe, ili imfuate mwimbaji pale anapoinamisha sauti. Mafundi wa Mombasa walisema umeiharibu akodiani. Arusini watu waliingoja nota hiyo hiyo.

Basi bintiyo Mwanakheri akapata wazo. Chumvi ya bahari imeanza kuzila ndimi za akodiani, na baadhi zimeshanyamaza. Akataka airekodi akodiani nota moja moja, kwa upole na kwa nguvu, kabla haijazimika yote, kisha aifanye plagini na kuwapa watu bure. Yako wewe, ambaye hata mimi hukuniachia niibebe! "Akodiani ni mswaki wangu," ulikuwa ukisema, "kaombe kwa mwengine."

Tulirekodi chumbani mwako, magodoro yameegemezwa madirishani kuzuia kelele. Kahindi, kwa nia njema kabisa, akazipitisha sauti kwenye programu ya kuzinyoosha. Tukasikiliza. Mwanakheri akavua visikizio. "Huyu si baba," akasema, akatoka nje. Kahindi akanitazama. Niliona kama tumekuzika mara ya pili.

Kahindi akaufuta unyooshaji wote. Nota yako ikarudi, na ile pumzi ya mivukuto inayovuja ikarudi nayo. Kahindi akaipiga na kuipiga, hakutaka kuinuka. Siku ile hakutafuta mpya.

Sasa plagini imekamilika, lakini bintiyo hakukubali kuitoa mpaka nimwambie kama ungeridhia. Nimelifikiri sana. Ungekataa, najua, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Halafu ungesogeza kiti karibu na dirisha, usikilize nani anaipiga, na anaipiga vipi. Nimemwambia aitoe.

Atakayeipakua, awe Jilore au ng'ambo, hatakujua. Atajua tu kuwa sauti hii ina mwenyewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Ahadi yangu ni hii: nitaketi na Kahindi, fidla yangu mkononi, nimwonyeshe ni wapi ulikuwa ukiiacha nota ile usiipige, ukumbi mzima ukaishiwa pumzi. Hilo halikurekodika.

Wako,
Omari