Kimya cha Sekunde Mbili na Nusu

Makutupora, Dodoma
Jumapili ya kwanza ya Agosti

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Habari za huko Mbinga? Kifua cha shemeji kimepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili, ila sijatulia tangu mlipomzika Mama nikiwa bado njiani.

Barua yako nimeipata. Unauliza Mama aliniambia nini jioni ile ya mwisho, maana alinipigia akiwa uani peke yake. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Kazi yangu unaijua kijuujuu. Mchana, mwezi ukiwa angani, tunauelekezea antena na kutuma mlio wa redio. Mlio unadunda mwezini, unarudi baada ya sekunde mbili na nusu, umefifia na kupinda kidogo. Kwa kupinda huko mkuu wetu anaisoma hewa ya juu kabisa, ambako hata ndege hazifiki. Mimi nabonyeza, nanyamaza, nasikiliza. Wanawake wanaochuma zabibu hapa jirani hunitania.

"Fundi, mwezi umekuitikia?"

"Bado, nasubiri."

"Utazeeka hapo!"

Huko kusubiri kumeniingia mwilini. Hata dukani nikisalimiwa, nakaa kimya kwanza ndipo naitikia.

Jioni ile Mama alisema kahawa ya nyuma ya nyumba imeiva. Kisha akauliza, "Baba, utakuja lini?"

Jibu nilikuwa nalo, dada. Krismasi. Lakini nilinyamaza, kama nilivyozoea. Nikasikia anaipiga simu makofi mawili, kama alivyokuwa akiipiga redio ya marehemu Baba betri zikiisha.

"Haloo? Haya, kama hutaki kusema."

Ikakatika. Nilipiga tena na tena, haipatikani. Nikajiambia, nitampigia kesho. Kulipokucha ukanipigia wewe.

Niambie kweli, hata ikiuma. Alipoingia ndani alisema lolote juu yangu? Alikula? Kama alilala akidhani nimemnunia, sijui sasa nimwambie nani kwamba sivyo.

Nisalimie shemeji, na shangazi unayemuuguza, na binti yako aliyeachiwa jembe la Mama. Siku ukienda kupalilia kaburini, mwambie Mama, Krismasi. Sema kwa sauti, halafu nyamaza kidogo.

Nami mnikumbuke.

Mdogo wako,
Dismas