Maji ya Ndiva na Pikapu ya Baba

Mamba,
Wilaya ya Same.
14 Oktoba 2025

Mpendwa Kaka Eliamini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, wewe na wifi Beatha, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo. Vuli imeanza kidogokidogo, tangawizi inakwenda vizuri, na baridi ya huku unaijua mwenyewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Ulisema pikapu ya marehemu baba iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, ukakata simu. Basi kaa usome mpaka mwisho, maana hapa huwezi kunikatiza.

Wewe ulisikia tu kwamba ilichemsha. Tulikuwa tunatoka hospitali Gonja, tunapanda mlima, Mama amekaa mbele, Baba mdogo Eliufoo yuko kwenye usukani. Mara mvuke, injini ikazima, na Mama na ule mguu wake uliovimba akamalizia safari kwa bodaboda. Alifika nyumbani analia kwa maumivu. Akatamka kwamba hospitali basi, hapandi tena pikipiki, na kama ni kufa atafia kitandani kwake. Tarehe ya kliniki ikapita, hakwenda. Kaka, niliogopa kuliko nilivyokuambia.

Ndipo nikamwita Fundi Idrisa kutoka Same. Ni mtu wa maneno mengi, ukimpa chai anakusimulia hadi harusi yake, lakini kazi anaijua. Alipofungulia rejeta kwa chini, likatoka tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi. Akauliza maji tunachota wapi. Baba mdogo akajibu kwa fahari kwamba ni ya ndiva yetu, bwawa lile lile linalomwagilia tangawizi. Unamjua, kila akipanda lazima asimame pale na ndoo aijaze rejeta. Kwake yeye, maji yaliyotukuza sisi hayawezi kudhuru chuma. Idrisa akamwambia, "Mzee wangu, tangawizi inapenda tope. Injini haipendi." Baba mdogo alinuna hadi jioni.

Hakuishia hapo. Alileta nusu dumu ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ya kijani aliyonunua Lembeni, akataka ichanganywe na nyekundu aliyokuja nayo Idrisa, isipotee bure. Fundi akakataa katakata. Alisema rangi isitudanganye, kila kiwanda kinatia yake. Cha kufuata ni aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na aina mbili zisizopatana zikikutana zinaweza kuganda na kuziba njia. Kitabu chenyewe kilikuwa bado chini ya kiti, pale baba alipokiweka. Aina iliyoandikwa mle ilikuwa ile nyekundu ya Idrisa.

Akaisafisha rejeta mpaka yakatoka maji meupe. Akabadilisha mpira uliopasuka na kifuniko kilicholegea, akarudisha na thamostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, ambayo fundi mmoja wa zamani aliing'oa akidhani anasaidia. Kulanti akaichanganya nusu kwa nusu na maji safi ya betri, huku akituonya tusije tukauziwa asidi ya betri badala yake. Kiasi chake tunakiangalia asubuhi, injini ikiwa imepoa, na kifuniko hakiguswi kikiwa cha moto hata tukiwa na haraka namna gani.

Tulijaribu kwanza na magunia ya tangawizi. Tulipofika kwenye ndiva, Baba mdogo akasimama kwa mazoea, akachukua ndoo. Nikamwonyesha mshale wa joto, umetulia katikati. Akauangalia, akashuka, akanawa uso, akarudi garini na ndoo tupu. Nilicheka mpaka machozi, na mwishowe naye akacheka.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita Mama alikubali kwenda Gonja. Wakati wa kurudi hakuangalia barabara hata kidogo, macho yote kwenye mshale, kila kona ananiuliza kama haujapanda. Ndiva tuliipita bila kusimama. Amebadilishiwa dawa, uvimbe unapungua, na tarehe ya kurudi ananikumbusha yeye. Nimefurahi sana, Kaka.

Kuhusu kuuza, yule mnunuzi uliyemtuma alifika jana. Akaizunguka pikapu, akaomba ufunguo aiwashe. Sikuwa nao. Mama ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Alimkaribisha chai vizuri kabisa, akamuulizia watoto wake, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi ndani na ufunguo wake.

Kwa hiyo ukitaka iuzwe, usinipigie mimi, mpigie yeye. Ila amenituma nikuambie kwamba Krismasi ushukie stendi ya Same, usitafute usafiri. Atakuja kukupokea mwenyewe, na ujiandae kukaa nyuma, kwa sababu kiti cha mbele ni chake.

Baba mdogo anakusalimu, na anasema maji ya ndiva bado ni mazuri kwa kunywa. Shangazi Esta naye anakusalimu. Msalimie wifi na watoto. Mungu awalinde safarini na awafikishe salama.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata unaponikatia simu,

Ernesta