Kombi Iliyoombewa Uani Kwetu

Jumapili. Mawingu yamekaa upande wa vilima vya Chyulu tangu asubuhi, mvua hakuna. Sisi wa Kambu tumezoea kutishwa na mawingu.

Leo sina furaha wala huzuni. Nina kitu cha katikati ambacho sikijui jina, na ndiyo maana naandika badala ya kulala.

Baada ya kanisa kaka yangu Kilonzo alikuja na binti yake, Ndinda. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha kamba, mahali anapokaa kila siku tangu nistaafu ualimu nikarudi kukaa naye. Ana miaka tisini na kitu. Macho yamechoka, lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu.

Ndinda anaanzisha biashara ya kupeleka watalii Tsavo. Alitaka tumsikilize akisoma kwenye simu mambo ambayo mgeni ataweza kufanya akilipa. Kuzunguka mbugani kwa gari kutafuta simba. Kutembea kwa miguu pamoja na askari wa mbuga. Kutazama ndege alfajiri. Kwenda chemchemi za Mzima kuona viboko. Kulala kwenye hema na kuota moto. Mimi nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa nchi nyingine. Miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kulipa hata shilingi kumwona tembo. Tembo ndiye anayekuja kuniona mimi, tena huja mahindi yakishakomaa.

Halafu akasoma jambo la mwisho: kutembelea boma la Wakamba, nusu saa.

Kilonzo akacheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, akamtazama Mama. Nilijua anakumbuka nini, maana nami nilikuwapo.

Nieleze basi, kwa kuwa shajara haina kumbukumbu isipopewa.

Miaka ya themanini Kilonzo alikuwa dereva wa watalii. Uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku, wazungu walikuja na kamera tu. Kampuni yake ya Nairobi ilimpa kombi yenye milia ya punda milia na paa linaloinuka, na alipopita barabara kuu ya Mombasa watoto wote wa Kambu walimjua kwa honi. Ilikuwa kazi ya heshima. Mama alimtaja Kilonzo kwenye kila sala, na kombi pia, kana kwamba ni mkwe.

Safari moja wageni wake sita walilala hoteli huko Kiboko. Walikuwa wamechoka na punda milia. Wakamwambia kwamba wangependa kuona watu wa kawaida wanavyoishi, kabla ya kuingia mbugani. Kilonzo akawaambia kwetu ni njiani tu, watapita nusu saa. Kisha akamtuma dereva wa lori ashuke Kambu amwambie Mama kuwa kesho ataleta wageni.

Wageni aliwaambia habari ya nusu saa. Mama hakumwambia. Nafikiri hakuthubutu. Kwetu hakuna mgeni wa nusu saa. Hata mtu aliyekuja kudai mbuzi wake huwekewa kiti na kupewa kitu cha kutia mdomoni. Na tulikuwa tumetoka kwenye ile njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu pesa zilikuwapo lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Mwaka ule wa njaa Mama alijificha nyumbani mara mbili alipoona watu wanakuja, kwa aibu ya kukosa cha kuwapa. Sasa ghala lilikuwa na mahindi. Wageni wa kwanza wa maana walikuwa ndio hawa.

Aliwaita akina mama watano wa kanisa waje kushuhudia. Alinitoa shuleni nilikokuwa nafundisha, kwa udhuru ambao siwezi kuuandika hapa. Muthokoi, yale mahindi tuliyoyakoboa kwa kinu, yalikaa motoni na maharagwe tangu alfajiri. Kilichobaki ni jogoo. Mama alikuwa na msimamo wake: jogoo wa mgeni hachinjwi mgeni akiwa bado barabarani. Ni kumtakia ajali.

Walifika saa kumi jioni. Jogoo akachinjwa. Alikuwa jogoo mzee, mwenye misuli ya mwanariadha.

Wageni walikuwa watu wazuri, sina ubaya nao. Walipiga picha kinu, mbuzi, na mimi nikipuliza moto. Walipiga picha sufuria. Yule bibi mmoja mrefu mwenye kofia ya ukili alifunua mfuniko, akanusa, akasema neno ambalo Kilonzo alilitafsiri kuwa ni zuri sana. Walidhani wanaonyeshwa jinsi chakula kinavyopikwa. Hakuna aliyejua kwamba chakula hicho ni chao. Nusu saa ikaisha na wote wakaanza kurudi kwenye kombi, wakipunga mikono, maana lango la mbuga kule Mtito Andei hufungwa saa kumi na mbili, na ndani ya mbuga walikuwa wamelipia vitanda na kutazama tembo wakinywa maji chini ya taa.

Niliona uso wa Mama. Alisimama katikati ya uwanja na sahani sita mkononi. Akina mama wa kanisa walianza kutazama chini. Akaziweka sahani juu ya kinu, akatembea kwenda nyuma ya ghala.

Nikadhani ameenda kulia.

Kilonzo naye aliona. Aliwasha kombi, akaizima. Akashuka, akaenda nyuma ambako injini ya kombi hukaa, akafungua. Jiko letu la nje lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nikamwona akichomoa waya mmoja na kuutia mfukoni. Akageuka, macho yetu yakakutana. Nikaendelea kupuliza moto.

Aliwaambia wageni gari limekataa. Akajaribu kuwasha mara kadhaa ili wasikie wenyewe. Mama alipotokea nyuma ya ghala alikuta wamekaa tena kwenye viti. Akina mama wa kanisa, ambao hawajawahi kuona shida wakaiacha ipite hivi hivi, waliizunguka kombi, wakaiwekea mikono kwenye milia, wakaanza kuiombea. Waliimba, wakakemea, wakamtaja shetani wa barabara kuu. Wageni walipiga picha zaidi kuliko walivyopiga simba, Kilonzo aliniambia baadaye. Mama alikuwa wa mwisho kuomba, na sala yake ilikuwa ndefu na yenye utulivu wa ajabu. Nakumbuka alirudia mara nyingi: kwa wakati wako, Bwana. Usiharakishe, Bwana, kwa wakati wako.

Mimi nilikuwa napuliza moto kwa nguvu zangu zote, maana nilijua wakati wa Bwana unategemea jogoo.

Wakala. Yule bibi wa kofia alikula paja na kuongezwa muthokoi mara mbili. Mwingine alitoa noti, Mama akamrudishia mkono wake, noti ikiwa ndani. Walipomaliza Kilonzo akainama tena nyuma ya kombi. Injini ikanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele, na hata wageni wakapiga makofi.

Lango walilikuta limefungwa. Walilala Mtito Andei kwenye gesti ya madereva wa malori, na asubuhi wawili kati yao walilalamika kwa simu Nairobi. Kabla ya Krismasi Kilonzo hakuwa na kazi. Aliendesha malori ya saruji miaka ishirini iliyofuata, mgongo wake ukaharibika, na hajapanda gari la watalii tena.

Jumapili ya kwanza baada ya wageni, Mama alitoa ushuhuda kanisani juu ya gari lililopona kwa maombi. Watu walisimama. Kilonzo alipofutwa kazi, Mama akaacha kuutoa. Mchungaji alimwomba arudie ushuhuda ule kwenye mkutano mkubwa wa Kibwezi, Mama akasema koo linamuuma. Hakuutaja tena kamwe. Mimi na Kilonzo tulikubaliana jambo moja: Mama amejua habari ya waya. Amejua kwamba alitoa ushuhuda wa uongo mbele ya kanisa, na aliyemtia aibu hiyo ni mwanawe.

Hatukumuuliza. Katika familia yetu jambo zito huwekwa darini pamoja na mbegu.

Ndiyo sababu leo Kilonzo aliacha kucheka. Aliinuka na mgongo wake ule, akasogeza kigoda karibu na kiti cha Mama. Nilitaka kumzuia.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "ile gari haikuwa imeharibika. Ni mimi nilitoa waya nikaweka mfukoni. Nilikufanya useme uongo kanisani. Unisamehe."

Ndinda aliweka simu chini.

"Waya gani?" Mama akauliza.

Hakuwa anajua. Miaka yote hiyo hakuwa anajua kitu.

Kilonzo akamweleza polepole, na jinsi alivyoeleza ndivyo uso wa Mama ulivyobadilika, nami nikaogopa kwamba tumemuua. Kisha Mama akaanza kusema, kwa Kikamba, kwa sauti ndogo. Alisema siku ile alienda nyuma ya ghala kumwomba Mungu aivunje ile gari. Hakuomba ipone. Alimwambia Mungu waziwazi: wasiondoke na njaa kwangu, ishike gari yao mpaka wale. Alipotoka akakuta imeshikwa. Aliogopa sana, akaomba pamoja na wenzake ili wasimshuku. Halafu wewe ukafukuzwa kazi, akamwambia Kilonzo. Nilimwomba Mungu sahani sita za chakula, nikakulipisha wewe. Ningesimamaje kushuhudia?

Kilonzo alifunika uso. Mtu wa miaka sitini na zaidi, analia kwenye kigoda.

Nimekasirika, kusema kweli. Sijamkasirikia mtu, nimeikasirikia ile miaka. Kilonzo alikuwa akibeba aibu ya Mama, na Mama akibeba mgongo wa Kilonzo, na chakula walikula pamoja kila Krismasi. Mimi nilikuwa katikati nikiwapakulia.

Mama akamshika kichwa kama anavyomshika mtoto anayepimwa homa. Alionekana mwepesi. Sijui neno jingine.

"Kwa hivyo Mungu hakukufukuza," akasema.

"Hapana, mwaitu. Ni mimi na waya."

"Lakini walikula."

"Walikula. Yule wa kofia alikula paja."

"Na akaongezwa," Mama akasema.

Ndinda, ambaye alikuwa hajazaliwa wakati huo, aliokota simu yake na kuuliza kwa adabu kama aondoe kabisa habari ya kutembelea boma. Nikamwambia aiache, afute ile nusu saa tu. Akauliza, sasa aandike nini mahali pake, Auntie, watu wa siku hizi wanataka kujua muda.

Mama ndiye aliyejibu, macho amefumba.

"Andika waje na njaa. Na dereva asiwe Kilonzo."

Kilonzo alicheka mpaka akashika mgongo.

Wameondoka jua likizama. Wageni wa kwanza wa Ndinda wanakuja Alhamisi, watu wanne, na Mama ameshauliza mara tatu kama sufuria kubwa ina tobo. Jumatano nitakoboa mahindi. Jogoo yuko hapa uani, anasinzia karibu na miguu yangu ninapoandika, na hakuna atakayemgusa mpaka waingie lango letu.