Haina Makosa, Hakuna Makosa

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya sita tangu tumzike mdogo wangu. Leo nimerudi kazini. Mama alisema nisubiri kidogo. Nisubiri nini? Nyumbani namsikia kila chumba. Bora pasi ya kazini.

Kiwanda cha kufua ni kile kile. Mashuka ya hospitali yamejaa hadi mlangoni. Boila kubwa iliyopasuka imefunikwa turubai, ukuta wake mweusi mpaka darini. Tunatumia ile ndogo. Saa moja na nusu bosi akapiga makofi — sala ya asubuhi! Akitupa kisogo tunamwita Askofu. Ni mzee wa kanisa tu, lakini anavyotembea utadhani amebeba fimbo. Kaomba dakika ishirini. Kamtaja mdogo wangu, kamwita kijana wetu mpendwa wa boila. Kisha: kazi ya Mungu haina makosa. Wote wakaitikia, haina makosa! Na mimi nikaitikia. Mdomo ulifunguka wenyewe, umezoea.

Akaniomba nianzishe wimbo kama kawaida. Sauti haikutoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimeunguza shuka. Mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Ni hivi. Shoga yangu wa meza ya kukunja ndiye anayefagia ofisi ya Askofu. Saa ya chai akanivuta pembeni. Ripoti ya mkaguzi wa mitambo imekuja, na mimi nimo. Nimo vipi? Akasema kumeandikwa dada wa marehemu, naye ni mfanyakazi, amesema ni kazi ya Mungu, hakuna makosa.

Nilisema lini? Nimewaza pasi ikiwa juu ya shuka, ndiyo maana. Halafu nikakumbuka. Msibani, siku ya pili. Yule bwana mwenye faili, kumbe ndiye mkaguzi, alijibana kwenye benchi kati ya waombolezaji, akanipa mkono. Poleni sana. Nikamjibu anavyojibu kila mtu aliyewahi kufiwa: asante, tumeshapoa, tutafanyaje, kazi ya Mungu haina makosa. Naye akaandika! Kumbe majibu ya pole ni ushahidi? Basi kesho akiniuliza hujambo nikasema sijambo, ataandika sina hata malaria.

Haina. Hakuna. Tofauti ya herufi mbili tatu, na mdogo wangu amezikwa humo mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda ofisi ya ukaguzi saa ya chakula. Karani ananung'unika kama mwenye jino bovu, lakini kanisaidia. Maelezo yanaweza kubadilishwa. Mwisho Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Baada ya hapo faili linafungwa.

Jioni nikamwambia mama. Nilijua. Akaweka kikombe chini.

"Unataka kumshtaki Mungu?"

"Simshtaki, mama. Namtetea."

"Mungu akutume wewe umtetee? Wewe nani?"

"Mama, si ndiyo tunasema kazi yake haina makosa? Hii ilikuwa na makosa. Basi si yake. Ni ya watu."

Akakisogeza kikombe kando. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kitu kinachomwamsha asubuhi ni kujua mwanawe aliitwa. Nikimnyang'anya hilo, yeye ashike nini?

Nikaosha kikombe chake. Lakini Jumatano nakwenda.

Jumamosi, 9 Machi

Haya, niandike. Nimezunguka kama kuku anayetaka kutaga, inatosha.

Boila ina valvu ya usalama. Mvuke ukizidi, valvu inajifungua yenyewe na kupiga filimbi. Mdogo wangu aliiita tarumbeta. Tangu Januari ilipiga kila asubuhi, katikati ya sala. Askofu akasema shetani anaijua saa yetu. Tukacheka! Akamwamuru mdogo wangu aifunge kwa waya, wakati wa sala tu. Mdogo wangu akakataa. Akasema bosi, hii haifungwi, hapa ndipo boila inapopumulia. Askofu akamwambia mbele ya watu wote kuwa hana imani.

Na waya alileta nani?

Mimi. Nilinyoosha henga moja ya nguo. Filimbi ilikuwa inanitoa kwenye sauti, mimi mwanzisha nyimbo, nikaona aibu. Nikamwambia funga bwana, dakika ishirini tu, tuimbe kwa amani. Bosi alimkatalia. Mimi dada yake hakunikatalia.

Dakika ishirini zikawa saa. Ikawa mpaka chai. Ikawa kutwa, na watu wakasahau kuna waya. Yeye hakusahau. Alikuwa anaufungua kila akipata nafasi, na Askofu anaurudisha. Siku boila ilipopasuka alikuwa ameshika koleo la kukatia waya.

Nimeandika. Na Jumatano nitasema hivi hivi, pamoja na henga.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kanisani. Walidhani sitakuja! Kwani kanisa la Askofu? Nimekaa mstari wa mbele, na nimeimba, sauti mbaya kabisa.

Sikuomba nguvu wala faraja. Nilimwambia Mungu neno moja: wamekusingizia. Na mimi nilikuwemo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefukuzwa. Au nimepumzishwa, ndivyo alivyosema.

Katikati ya sala niligundua kimya. Boila ndogo inachemka vile, kimya cha nini? Wengine wamefumba macho, mimi nikanyanyua yangu. Waya kwenye valvu yake! Mkaguzi alipokuja haukuwepo, nina hakika. Umefungwa upya, tena vizuri kuliko wangu.

Nikachukua koleo ukutani. Nikasimama pembeni ya valvu, si mbele yake, mdogo wangu alinifundisha mwenyewe, nikakata. Ikapiga! Watu wakaruka. Mmoja akapiga kelele Yesu wangu.

"Dada, tuko kwenye sala!" Askofu amewiva kama nyanya.

"Endeleeni," nikamwambia. "Na hii inaomba."

Shoga yangu akacheka, kisha akalia, kisha akafungua mlango wa uani watu watoke. Wakatoka, wote, hata wale wanaojipendekeza. Askofu akaniambia huzuni imenipanda kichwani, nikapumzike nyumbani mpaka aniite.

Waya ninao. Umo kwenye mkoba.

Jumatano, 13 Machi

Saa tatu kasorobo. Benchi la nje ya ofisi ya ukaguzi. Naandika nikisubiri kuitwa.

Askofu amekuja. Na amekuja na mama! Kamfuata nyumbani kwa gari lake. Mama kakaa katikati yetu, amevaa nguo ya kanisani, haniangalii.

Askofu kajiinamisha kwangu kupitia mgongoni kwa mama. Taratibu, kama baba. Anasema nifikirie. Maelezo mapya yatauliza waya ulitoka wapi. Watakuandika na wewe. Nimemwambia waandike. Anasema mama je, ameshapoteza mmoja, utamfanya ajue nini kuhusu aliyebaki?

Hilo limenipata. Sitadanganya, limenipata moyoni.

Sasa anasema tuombe kwanza. Kashika mkono wa mama. Kaninyooshea wa pili, nimeshika kalamu, sikuiachia. Anaomba kwa sauti, wapita njia wanapunguza mwendo. Anamwomba Mungu aponye ndimi zenye uchungu. Alifunge kila jeraha. Ana maneno mazuri, siku zote alikuwa nayo.

Mama hajafumba macho. Anatazama kalamu yangu inavyokwenda. Miaka yote hii hajawahi kuuliza naandika nini.

Nimerudi nyuma kurasa mbili, mpaka ile ya Jumamosi. Nimeikunjua vizuri.

Karani amefungua mlango. Anamwita dada wa marehemu. Askofu hajafika Amina, amepandisha sauti. Nimesimama. Nampa mama daftari sasa, asome habari ya waya kwa mwandiko wangu, kabla hajaisikia kwa Askofu —