Kovu la Shavu la Kushoto

Jumatatu, 3 Mei 1926

Sitaki kwenda Ajentina. Basi, nimeandika. Sijamwambia mtu.

Mama amenipatia mchumba huko Buenos Aires. Fundi viatu, Muarmenia mwenzetu. Anataka kuona picha kwanza. Mimi nataka kubaki hapa Aleppo, kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha cha Bibi Satenig, mpiga picha ninayemfanyia kazi, mikono ikinuka dawa.

Mama kasema, "Mwambie huyo Bibi wako alifute hilo kovu." Kazi ya kufuta ni yangu! Napaka penseli juu ya kioo chenye picha kabla haijachapwa, kovu linapotea. Mji mzima tuna kovu la kile kidonda cha Aleppo, kinachokaa mwaka mzima ndipo kipone. Langu liko shavu la kushoto.

Jumatano, 5 Mei

Bibi kanipiga picha. Hakushusha lile pazia la nyuma lililochorwa ziwa na bata. Siku hizi anamkalisha mtu dirishani, basi. Wateja wananuna. Leo mmoja kasema, "Bibi Satenig, nimelipia uzuri, umenipa uso wangu!"

"Ndio uliokuja nao, mama."

Zamani nyuso zake zilikuwa laini kama mayai yaliyomenywa. Nilijikaza, nikamuuliza kwa nini aliacha. Akasema aliwahi kuwapiga picha mayatima ili ndugu zao wawatambue. Akawafuta makovu, wapendeze. Shangazi mmoja akaitazama picha ya mpwa wake, akaipita bila kumtambua.

Akaendelea kuosha picha.

Ijumaa, 7 Mei

Nimetoa picha mbili, moja kabla ya penseli, moja baada. Wa kwenye ile ya penseli ni mrembo — simjui. Mama kashangilia: "Huyu sasa ndiye bibi harusi!" Ya kovu sikumwonyesha.

Jumamosi, 8 Mei

Mama yuko mlangoni, bahasha mkononi. "Zabel! Umeigundisha vizuri? Isije ikafunguka baharini!"

Nimeigundisha. Ndani kuna ile ya kovu. Nilitaka fundi viatu aione, akatae, nibaki.

Lakini kabla ya kufunga niliitazama tena. Yule msichana ananitazama bila kuomba radhi. Si mbaya. Je, akimpenda huyu? Kama angempenda yule wa penseli, angekuwa kampenda mwingine. Huyu ni mimi.

Mama anashuka ngazi. Bado naweza kumwita —

Wewe unayesoma, kama upo, usimwambie Mama kilichomo.