Herufi Isiyopita Wayani

Jumatatu, 3 Machi
Kama unayesoma si mimi, nakusihi ufunge hapa. Usimwambie mtu hata neno moja, hata mama yangu.

Shahidi wa kesi ya magendo kavamiwa nyumbani kwake, kavunjwa mkono. Anwani yake ilikuwa siri. Niliichapa mimi, karani wa masijala ya mahakama. Naibu msajili kaniuliza mbele ya wote: binti yangu, huo mdomo wako una mlango kweli? Wakacheka. Nikacheka nao — mwoga mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeinama kuchomeka waya wa kibodi uliolegea. Kati yake na kompyuta kuna kidude cheusi, kidogo kama pingili ya kidole. Si chetu.

Nimempigia shangazi, askari wa upelelezi. Kasema hunasa kila kitufe ninachobonyeza. Usiking'oe, mwanangu. Anakusikiliza? Mpe cha kusikia.

Jumatano, 5 Machi
Kitufe changu cha N kimekufa tangu mwaka jana. Kila N naibonyeza kwa kipanya, kwenye skrini. Haipiti wayani, kwa hiyo kidude hakiioni.

Leo nimechapa shahidi wa kubuni. Anakaa Mtaa wa Minazi.

Alhamisi, 6 Machi
Naibu kasimama chini ya dirisha langu, anamuuliza dereva Mtaa wa Miazi uko wapi. Dereva kamjibu: Miazi? Labda kwa wakwe zako, mzee.

Miazi! Hakuna anayeuita hivyo ila kile kidude.

Safari hii si woga tu. Nataka pingu zimbane mpaka alie kama alivyolia yule mama shahidi, mkono umevunjika. Nataka asiniite tena binti yake.

Shangazi kasema neno moja halitoshi, atadai ulimi umeteleza. Tuwakamate watu wake mlangoni, waseme wenyewe nani kawatuma. Mlango wa nani? Wangu, nikasema. Nimehamia juzi, ofisini hawapajui. Anwani ya mtu mwingine sichapi tena.

Ijumaa, 7 Machi
Mama yuko kwa dada. Shangazi na wenzake wawili wamejibana jikoni, viatu mkononi. Jasho linalowesha karatasi.

Geti la chini limelia. Hatua za watu, zaidi ya mmoja. Shangazi kaniwekea kidole mdomoni. Naandika mkono utulie — yale yale niliyomchapia asubuhi, bila N hata moja:

Barabara ya soko, pita duka la vipuri. Geti la buluu, ghorofa ya pili, upige hodi taratibu. Yupo peke yake