Jiwe la Kupandia

Katoyi, Alhamisi usiku

Mke wangu alisema kweli, ndiyo maana nimeudhika kutwa nzima.

Pikipiki niliiongeza kimo mwenyewe baada ya volkano kumwaga mawe barabarani, ili injini isiyagonge. Tangu hapo yeye huipanda kwa kukanyaga jiwe la mlangoni, kwa sababu ya goti lake linalouma.

Asubuhi mizinga ilisikika tena upande wa Sake. Nikamwambia mambo yakiharibika tutatoka kwa pikipiki. Akacheka.

"Muzee, na hii jiwe utaibeba wapi? Ku kichwa?"

Nimekimbia mara nyingi maishani, na jambo hilo sikuwahi kulifikiria.

Basi nyuma ya pikipiki nimefunga amortiseri fupi, zile springi za kupunguza mtikiso, ili kiti kishuke, na mbele nimeishusha kwa kimo hicho hicho ili isiyumbe. Injini sasa iko karibu na ardhi. Nimeikinga kwa bati nene la pipa. Mashimo makubwa yananitia hofu, lakini tukienda polepole itatufikisha. Kazi hii naijua.

Jioni alipanda bila jiwe, wala hakunishika bega. Akashuka, akaenda kupika.

Wakati wa chakula nikaona jiwe halipo mlangoni. Lilikuwa jikoni, limekuwa figa chini ya sufuria ya maharagwe.